Dakika Ishirini na Tano hadi Bukoba

1

"Mama mdogo, mbona kucha zangu hukuzimaliza?"

Salha aliniuliza hivyo tukiwa bado kwenye ukumbi wa kuwasili, Bukoba, saa nne na dakika kumi asubuhi, amenyoosha vidole vyote kumi mbele ya uso wangu. Nikamwambia asinitukane. Miaka ishirini na sita nawapaka hina maharusi wa Mtwara, Mikindani mpaka Lindi, sijawahi kuacha ukucha nusu. Mimi hina ya kucha huifikisha mpaka kwenye nyama. Bibi harusi akilalamika namwambia tulia, mume hakupatikana kwa kulalamika.

"Basi tazama mwenyewe," akasema.

Nikatazama. Kila ukucha ulikuwa mwekundu wa kuiva, unakaribia weusi, kuanzia ncha kushuka chini. Halafu wekundu ukakatika. Karibu na ngozi palikuwa na ukucha mtupu, upana wa punje mbili za mchele ukizilaza pamoja. Vidole vyote kumi, upana uleule.

Mimi hina hiyo niliipaka Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Sasa ukucha una tabia yake. Haukui kwa kuharakishwa. Milimita tatu kwa mwezi, na kidogo zaidi kwa msichana anayekula akashiba. Sikulisoma hilo popote, nimeliona kazini: niliyempaka akirudi baada ya mwezi kutaka nimrudie, naona hina imesogea mpaka wapi, namwambia tarehe ya harusi yake kabla hajakaa. Kwa hesabu hiyo, Salha alipakwa hina wiki sita zilizopita. Na wiki sita zilizopita hata posa ilikuwa haijajibiwa.

Nikamshika kiganja nikakigeuza. Maua yangu yalikuwepo yote, mizabibu, majani, na lile jani moja ninaloliacha bila mshipa wa kati ili nijue kazi yangu ikiigwa. Lakini yalikuwa ya rangi ya chungwa. Hina ikibanduliwa leo huwa ya chungwa. Kesho inaanza kukolea, keshokutwa ndiyo inakuwa nyekundu ya kuiva. Niliyempandisha Mtwara asubuhi ile alikuwa na mikono iliyoiva. Niliyeshuka naye alikuwa na mikono iliyopakwa jana jioni.

"Nini?" Salha akauliza.

"Hakuna. Rangi imepauka kidogo. Vaa mtandio wako vizuri, wifi zako wako nje."

Mimi ni mtu wa shaka, na silikatai. Dada yangu Somoe, mama yake Salha, husema nikipewa maji nayanusa kwanza. Lakini siku hiyo hata asiyenusa angenusa. Kwa maana pale pale, wahudumu wawili walipita wakisukuma kitanda cha magurudumu, na juu yake mtu amefunikwa shuka mpaka kichwani. Kwenye kifua cha shuka ilikuwa imewekwa kofia ya kushonwa kwa mkono, nyeupe, ya nyota za ncha saba. Nikaijua.

"Yule babu wa korosho!" Salha akashika mdomo.

Mhudumu mmoja akasimama kutuliza watu. Akasema mzee amefariki usingizini, moyo wake ulikuwa mgonjwa, hakuhisi lolote. Inna lillahi, tukasema wote, na mimi nikasema. Halafu nikahesabu saa zilizobaki mpaka kesho yake saa tatu na dakika arobaini na tano asubuhi, kwa sababu dada yangu Somoe ndiye alikuwa apande chombo kilekile, kuja kwenye walima ya mwanawe. Na dada yangu Somoe, kama yule mzee, moyo wake unaongozwa na betri iliyopandikizwa chini ya ngozi.

2

Nieleze tulivyopanda, maana ni mambo ya muda mfupi.

Toka Mtwara mpaka Bukoba, ukipiga mstari angani bila kona, ni kilomita elfu moja mia tatu hamsini na nane. Ndege ya kawaida ilikuwa ikienda saa mbili kasoro, ikiwepo. Basi siku mbili. Halafu likaja Shirika la Mkunjo na chombo chao kisicho na mbawa, dakika ishirini na tano, na ndege za kawaida zikafa moja moja. Katika chumba cha kusubiria wana sinema ya kueleza: mwanamke anatandaza khanga, anakuambia pindo hili ni Mtwara, lile Bukoba, kisha anaikunja mpaka pindo zote mbili zigusane, na anatabasamu. Nilipoiona mara ya kwanza nilimwambia Salha, khanga ikikunjwa haipungui. Cha katikati bado kipo, umekificha tu. Salha akaniambia nisimharibie safari.

Simu tuliweka kwenye masanduku. Tukapewa kila mmoja kikombe cha tangawizi ya moto, ya kulegeza mwili. Kwenye kiti cha pembeni alikaa huyo mzee, kanzu safi, kofia yake ya nyota; nikajua mara moja kwamba mwanamke aliyeishona hakuwa na haraka. Akafungua karatasi akatugawia korosho za kukaanga.

"Karibuni. Za Newala hizi."

Nikamshukuru, nikamuuliza anaitwa nani.

"Mama, safari ya dakika ishirini na tano? Tukianza majina na koo tutashuka hatujamaliza salamu. Kula korosho."

Tukacheka. Akatuambia anakwenda kumwona mjukuu aliyejifungua. Akajigonga kifuani kidogo akasema ana betri humo, aliwauliza kama kuna neno, wakamwambia dakika ishirini na tano hazina neno. Nikamwambia dada yangu anayo vilevile na kesho yuko njiani. "Mwambie asiogope," akasema, "wamenihakikishia." Tukanywa tangawizi. Nilichokumbuka baada ya hapo ni taa za Bukoba.

3

Ndoa ilikuwa imekwisha kufungwa Mtwara siku ya Ijumaa. Idrisa, mume, aliwakilishwa na baba yake mdogo. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha mke na kumwandaa. Wifi zake walitupokea vizuri, wakatupa chumba, wakatuletea chai na ndizi. Nilipofunga mlango nikamwambia Salha akae kitandani anipe miguu nimwoshe.

"Si mama alishaiosha?"

"Leta miguu."

Siku saba Somoe alimfungia mtoto ndani, akamsinga mwenyewe kwa mikono yake, kila siku jiwe la kusugulia na mafuta ya nazi, mpaka nyayo zikawa laini kama maandazi. Nilikuwepo, na nilimtania kwamba binti atateleza hata kwenye mkeka. Sasa nilishika unyayo wa kulia nikadhani nimeshika wa mtu mwingine. Kisigino kilikuwa na magaga yaliyokatwa kwa wembe juujuu na kupakwa mafuta. Chini ya vidole kulikuwa na sugu, ngumu, ya njano, ile ya wapagazi. Nilipoibonyeza hakushtuka.

"Mama mdogo, unaniumiza kwa kunitazama hivyo."

"Umechoka?"

"Nimechoka, sijui kwa nini. Na nina njaa mbaya."

Mimi pia. Na utosi ulikuwa unaniuma tangu asubuhi. Nikaenda kwenye kioo nikavua ushungi. Kwenye mstari wa nywele, mvi zilikuwa zimechungulia upana wa kidole. Mimi mvi zangu nilizipaka rangi Jumatano! Kule kwenye ukumbi walitupa kijikaratasi kinachosema kuna "uchovu wa Mkunjo", kwamba rangi hupauka na ngozi hukauka. Sawa. Ngozi ikauke. Lakini uchovu gani unaotoa sugu miguuni?

Nikaanza kuwashuku watu mmoja mmoja. Wahudumu. Aliyetupa tangawizi. Nilimshuku hata Idrisa maskini, kwa sababu ndiye aliyependekeza tuje kwa Mkunjo. Lakini jambo moja lilinikera kuliko yote: aliyemrudia Salha hina alikuwa nani? Mikono ile iliigwa na fundi. Lile jani lisilo na mshipa lilikuwepo, mahali pake. Mistari ilianza minene ikaishia myembamba kwa kuelekea kushoto, na sijui mpakaji mwingine wa kusini anayevuta kushoto. Nikasogea dirishani na mkono wa Salha. Halafu nikautazama mkono wangu.

Dole gumba langu la kulia na kidole cha shahada vilikuwa vya chungwa.

Nilikaa chini. Asubuhi ile, tukiondoka Mtwara, vilikuwa vimeiva, vimekuwa vyeusi, hufanya hivyo kila nikimaliza kazi. Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi. Nimewashuku watu wa Bukoba nzima, na fundi ni mimi.

Ikiwa ni mimi, basi kucha hazikuachwa kwa bahati mbaya. Mimi siachi ukucha nusu. Nilimpaka maua upya ili asishtuke mapema, nikaziacha kucha ili mimi nishtuke. Nikamgeuza mtoto mkono huu na huu, mguu huu na huu, kutafuta nini kingine nilichojiachia. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto palikuwa na mduara wa nukta ambao Alhamisi haukuwepo. Nikazihesabu mara mbili. Arobaini na mbili. Kwenye kifundo cha mguu, mahali pa mlolongo wa asumini, palikuwa na nyota za ncha saba, zimeshikana kama ushonaji wa kofia.

"Lala kidogo," nikamwambia Salha. "Nakwenda kuulizia sanduku letu moja."

4

Mkuu wa kituo cha Bukoba aliitwa Mutashobya, kijana wa miaka arobaini hivi, mpole, mikono safi. Aliniamkia vizuri, akafunga mlango, akasema neno ambalo hata sasa nikilikumbuka mwili unanisisimka.

"Mama, umekuja mapema. Wengi huja baada ya wiki mbili tatu."

"Nimekuwa wapi siku arobaini na mbili?"

Akanyanyua macho. Idadi hiyo hakuitegemea. Nikashukuru nilikuwa nimevaa glavu za wifi za kuoshea vyombo, niliosha nazo vikombe vya chai kabla ya kutoka nikazisahau mikononi kwa papara. Vidole vyangu hakuviona bado.

"Njiani," akasema.

Akanieleza bila kuzungukazunguka, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Wahandisi walitaka kukunja umbali na muda. Walipata muda peke yake. Ukiingia Mkunjo, huku nje zinapita dakika ishirini na tano, lakini kule ndani kilomita ni zilezile, elfu moja mia tatu hamsini na nane, hazikupungua hata hatua. Na injini haiwaki kule. Betri inakufa. Kitu pekee kinachosonga mle ni chenye mapigo ya moyo.

"Kwa hiyo watu hutembea," akasema. "Kilomita thelathini na mbili kwa siku. Chakula kipo vituoni, maji yapo. Mwisho kuna chumba cha kutokea. Mnaoshwa, mnanyolewa, mnakatwa kucha, mnakunywa dawa ya kusahau."

"Na mizigo?"

Akatazama kalamu yake.

"Na mizigo, baba?"

"Hubebwa."

Nikaugusa utosi wangu. Sikuwahi kuvaa ngata ya kubebea mzigo kichwani tangu nikiwa msichana.

"Mnatuambia lini haya?"

"Mkishaingia."

"Mtu ukishamtosa katikati ya mto, humwulizi tena kama anataka kuogelea. Loo! Bibi yangu alikuwa akisema njia ya mwongo ni fupi, nami nilidhani ni msemo tu."

Hakukasirika. Akafungua kabati, akatoa jalada, akanisogezea karatasi. Ilikuwa imeandikwa: Nimetembea. Nimeelezwa. Nimechagua kusahau. Chini yake jina langu, Zalfa binti Chikoko, kwa mwandiko wangu wa kulalia nyuma, na muhuri wa dole gumba. Muhuri ulikuwa wa rangi ya chungwa.

"Kila mtu huchagua," akasema. "Hakuna aliyewahi kukataa. Mama, wiki iliyopita mtoto wa Karagwe aliumwa na nyoka. Dawa ilikuwepo Mtwara. Ilifika hapa sumu haijapanda. Aliyeibeba ni mwalimu mmoja wa kike, kichwani, siku arobaini na mbili. Hajui, na mtoto anacheza. Niambie wewe, nifunge njia hii?"

Nisiseme uongo, hilo lilinigusa. Nilimwona mtoto huyo ingawa simjui.

"Mngemwuliza yule mwalimu, angekubali. Kwa dawa ya mtoto hata mimi ningekubali. Mbona hamwulizi?"

"Tukiuliza, watapanda wangapi?"

Nikamwambia haya, tuyaache hayo. Nina dada, Somoe binti Chikoko, kiti namba nane, kesho asubuhi. Ana betri ya moyo. Mwondoe.

"Siwezi. Nikimwondoa kwa sababu ya betri, lazima niandike sababu. Nikiandika sababu, wataniuliza juu ya mzee wa leo."

"Yule mzee alikufa siku ya ngapi?"

Akafunga jalada.

"Ya arobaini. Betri ilizimika mlangoni, lakini alikuwa na moyo wa shamba, ukaenda wenyewe kwa kubahatisha. Tangu siku ya nane mlimbeba kwa zamu. Alipofariki mliambiwa mumwache, mkakataa. Mlimfikisha." Akainamisha kichwa. "Alifia mapajani mwa binti yako. Mama, sikukusudia kukwambia hili. Binti alilia kutwa nzima chumba cha kutokea. Alikushika magoti, akakuomba umwapie kwamba hata ukija kujua, hutamwambia yeye. Anataka kuingia kwa mumewe akiwa mwepesi. Ukamwapia. Nilikuwa nimesimama hapo. Kisha ukaomba hina, ukasema bibi harusi hawezi kufika mikono mitupu. Tukakupa."

"Hivyo ndivyo nilivyosema?"

"Hivyo. Nikasema moyoni, wanawake bwana."

Namshukuru Mungu kwa wanaume wasiotazama kucha. Nikasimama. Akaniambia niko huru kumwambia yeyote nimtakaye, wala hatanizuia, kwa sababu hawaamini. Wote waliojaribu walionekana wamechanganyikiwa na safari. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akanitakia harusi njema.

5

Nilimpigia Somoe baada ya alasiri, simu ya picha, nikiwa nimekaa kwenye meza ya chumbani. Salha alikuwa bafuni. Dada alikuwa anakunja nguo, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona uso kama wa mwenye kufiwa? Mtoto hajambo?"

Nikamweleza. Nilijitahidi kueleza kwa utaratibu, kucha, chungwa, mzee, karatasi. Nilichoacha ni kile cha mapajani, kwa sababu ya kiapo. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa Somoe hilo si jambo dogo. Halafu akavua miwani.

"Zalfa, umeanza."

"Sijaanza, dada."

"Umeanza. Jiko la gesi ulisema litatulipua. Chanjo ulisema ina mambo. Sasa watu wanatembea angani na mizigo kichwani? Astaghfirullah, mwanangu ana walima kesho!"

Nikamwonyesha picha za mikono ya Salha. Akazisogeza karibu.

"Hii umempaka wewe upya. Jani lako hili hapa, lisilo na mshipa. Sasa unaniletea kazi ya mkono wako kama ushahidi?" Sauti yake ikashuka, ikawa mbaya zaidi. "Huna mtoto, Zalfa, na mimi sijawahi kukusimanga. Salha nimekugawia nusu. Lakini siku ya walima usitake uwe mama peke yako."

Iliniingia. Mpaka leo ipo. Lakini sikuwa na muda wa kuumia, kwa sababu nilijua ni kitu gani kimoja kitakachomwaminisha, na kilikuwa kimeapiwa. Somoe anaweza kunibishia kuhusu hina, hina ni yangu. Miguu ni yake. Siku saba aliisugua mwenyewe. Hakuna mtu duniani anayeijua kama yeye. Lakini niitoe vipi miguu ya mtu bila mwenyewe kuuliza kwa nini?

Nikageuka. Salha alikuwa amesimama kwenye mlango wa bafu, khanga kifuani, maji yanamdondoka. Sijui alisimama tangu lini.

"Tangu asubuhi unaitazama miguu yangu kama imeiba," akasema.

"Kaa hapa."

Akakaa. Nikasema polepole, maana nilitaka kila neno lifike zima.

"Kuna jambo limekupata. Ulilijua, ukaniomba nisije kukwambia, nikakuapia. Nikitaka kumzuia mama yako asipande kesho, lazima ulijue tena. Ukisema hapana, nitatafuta njia nyingine, hata kama ni kudanganya kwamba umekimbia mume. Nakuuliza kwanza. Wale hawakukuuliza."

Kwenye simu Somoe alikuwa anaita, "Zalfa! Unamwambia nini mtoto?"

Salha alitazama kucha zake, zile nusu zangu. Alizitazama muda mrefu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, kesho yake walima, na wifi zake walikuwa wanapiga vigelegele vya majaribio uani.

"Linamhusu mama?"

"Linahusu uhai wake."

Akanyanyua mguu wa kulia, akauweka juu ya meza, unyayo ukatazama simu.

Somoe alivaa miwani. Akaisogeza simu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Nikaona kidole chake kinapita kwenye kioo, kisigino, kikashuka mpaka kwenye sugu, kama anayetafuta mahali alipopasugua.

"Hiyo siyo miguu niliyokukabidhi, Zalfa."

"Siyo, dada."

"Imetembea."

"Imetembea."

"Mwanangu," akasema, akaifuta miwani kwa pindo la khanga. Akajikaza. "Mabasi yanaondoka saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi. Siku mbili njiani. Walima itakupita."

"Ipite. Na hao kina mama kumi na mmoja niliokuwa nije nao nitawashusha kitandani usiku huuhuu kwa bakora. Nitumie picha ya huo mguu, niwaonyeshe na wengine wenye tiketi. Zalfa."

"Labeka."

"Lile neno nililosema."

"Nimelisikia. Njoo kwanza, tutagombana hapa."

Akakata. Salha alikuwa bado hajaushusha mguu. Alikuwa anapitisha kidole kwenye zile nyota za kifundoni.

"Hizi siyo zako. Wewe hupaki nyota."

Nikamweleza yote, na la mapajani. Alilia, lakini alilia kwa kushangaa, kama mtu anayeambiwa habari za ndugu aliyekufa kabla hajazaliwa. Sijui kama kilio kile kilitosha. Sijui kama cha kwanza, kile alichokisahau, kilikuwa kikubwa zaidi, na kama nimemrudishia kitu au nimemwibia. Akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Tumwombee," akasema. "Aliitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Korosho nilizikumbuka, na Newala, na mjukuu aliyejifungua. Nilikumbuka alivyotuchekesha nilipomuuliza jina. Nikaugeuza mguu wa Salha, nikatafuta katikati ya nyota, kwenye vidole, mpaka kisiginoni, labda mkono wangu ulijua. Palikuwa na nyota tu.

Siku arobaini njiani. Lazima alitutajia.